Bunduki ya Kerio na bastola ya Nairobi

Mkenya asiye polisi wala mwanajeshi hupata bunduki kwa njia mbili. Anaweza kupeleka maombi kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, achukuliwe alama za vidole, rekodi yake ya uhalifu ichunguzwe, aeleze hatari inayomkabili, kisha asubiri. Au anaweza kuuza ng'ombe. Njia ya kwanza hufuatwa na mfanyabiashara wa Westlands, wakili wa Upper Hill, mbunge. Ya pili hufuatwa na mfugaji wa Kapedo, Tot au Baragoi. Mmoja akikutwa na silaha yake huonyesha cheti; mwenzake akikutwa nayo hufungwa miaka mingi. Lakini ukiwauliza wote wawili kwa nini wana bunduki, watakupa jibu lile lile: siku nikivamiwa, hakuna atakayefika kwa wakati.

Jibu hilo tumelikwepa kwa muda mrefu. Kila mara raia anapopigwa risasi na raia mwenzake, tunarudia ubishi wa kama ni bunduki inayoua au ni aliyeishika, tunasikiliza wanasiasa kwa siku mbili, kisha tunanyamaza hadi mauaji mengine. Wakati huo huo silaha zinaendelea kupita mipakani. Shirika la utafiti la Small Arms Survey, lenye makao Geneva, lilikadiria kwamba kufikia mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000. Zenye leseni ni sehemu ndogo sana ya hizo.

Hata hivyo, kelele nyingi huwa ni za zile zenye leseni. Tunaziona. Mtu anaweka bastola mezani kando ya chupa ya bia ili wenzake wajue yeye ni nani. Dereva anaichomoa kwa sababu ya ugomvi wa nafasi ya kuegesha gari. Desemba 2018 serikali iliamuru wamiliki wote wenye leseni wajitokeze wapigwe msasa upya, silaha zao zikaguliwe na kusajiliwa kidijitali. Ilikuwa hatua ya maana, kwa sababu vyeti bandia vilikuwa vimeenea na baadhi ya watu walikuwa na silaha ambazo raia haruhusiwi kamwe kuwa nazo.

Msingi wa sheria yetu uko wazi. Katiba ya 2010 haimpi Mkenya haki ya kumiliki bunduki. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inachotoa ni ruhusa, na ruhusa hiyo inaweza kufutwa. Hapo tunatofautiana sana na Wamarekani, ambao katiba yao imeitaja silaha tangu 1791 na ambao leo, kwa makadirio ya Small Arms Survey hiyo hiyo, wana bunduki za kiraia zaidi ya idadi ya watu. Hoja zao hutufikia kila siku kupitia runinga na simu, na wapo Wakenya wanaozirudia kama zilivyo. Za kwetu tunazo, na zina uzito wake.

Nzito kuliko zote ni Westgate. Jumamosi ya Septemba 21, 2013, magaidi wa Al-Shabaab waliingia katika jengo hilo la maduka Nairobi wakaanza kuua watu. Waliokufa walikuwa 67. Miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye bastola zenye leseni, wakishirikiana na polisi wachache waliokuwa karibu. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye sasa ni Seneta wa Garissa. Ndugu yake alikuwa amekwama ndani. Alikwenda na bastola yake mkononi kukabiliana na watu wenye bunduki za kivita, na dunia nzima iliona picha za watoto na akina mama waliotolewa siku ile. Kikosi maalumu cha polisi kilifika baada ya saa kadhaa.

Siwezi kuandika makala dhidi ya silaha za kiraia nikajifanya siku ile haikuwepo. Watu wako hai leo kwa sababu raia fulani alikuwa na leseni, alikuwa na shabaha, na zaidi ya yote alikuwa na moyo. Wenye leseni wanapoitaja Westgate, wanastahili kusikilizwa kwa heshima.

Lakini tuifuate hoja yao hadi mwisho. Ikiwa saa kadhaa za kusubiri msaada katikati ya Nairobi, mji wenye makao makuu ya vikosi vingi vya usalama nchini, zinatosha kuhalalisha bastola, basi tumwambie nini mkazi wa Bonde la Kerio? Machi 2001 wavamizi waliingia Murkutwa, Marakwet, wakaua makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto, na kuchoma nyumba. Februari 2022, katika bonde hilo hilo, basi la shule lililojaa wanafunzi lilimiminiwa risasi barabarani. Dereva aliuawa na wanafunzi wakajeruhiwa. Kule Turbi, Marsabit, wavamizi walifika alfajiri ya Julai 12, 2005. Kati ya makumi waliouawa, zaidi ya 20 walikuwa watoto wa shule. Katika sehemu hizi barabara ni mbovu, mtandao wa simu unakatika, kituo cha polisi kina gari moja, na mara nyingi gari hilo halina mafuta. Ukipiga kamsa, wanaokusikia ni jirani zako na wale waliokuja kukuua.

Kwa kipimo cha sheria yetu wenyewe, kwamba mwombaji aonyeshe sababu ya msingi, mfugaji wa Kapedo ana sababu nzito kuliko mtu anayeishi kwenye mtaa wenye geti, kamera na kampuni ya ulinzi. Tumempa leseni mwenye hatari ndogo, kisha tukamwita mwenye hatari kubwa mhalifu. Hilo ni jambo la aibu.

Na bado sisemi mfugaji apewe leseni. Anayeyafahamu mambo ya kaskazini hawezi kusema hivyo, kwa sababu ameona bunduki ilivyoyaharibu maisha ambayo ilinunuliwa iyalinde.

Wizi wa mifugo ulikuwepo kabla ya bunduki, na ulikuwa na utaratibu wake. Vijana hawakutoka bila baraka za wazee. Kundi lilikwenda na mikuki, likapambana na wachungaji, likaswaga ng'ombe, na waliokufa walihesabika kwa vidole. Kuua mwanamke au mtoto kulihesabiwa kuwa mkosi. Kulikuwa na fidia, kulikuwa na viapo, na kiangazi kikizidi wale wale waliopigana walikaa pamoja kujadili visima.

Bunduki iliwapokonya wazee uwezo huo. Kijana wa miaka 17 mwenye AK-47 hahitaji baraka ya mtu. Mtazame anapofika kwenye kisima wakati wa kiangazi: shuka limefungwa begani, kigoda mkononi, bunduki mgongoni, mdomo wa mtutu umezibwa kwa kitambaa vumbi lisiingie. Mzee anayekuja nyuma yake na fimbo ndiye mwenye mifugo, ndiye anayejua zamu ya kunywesha, ndiye aliyewahi kufanya suluhu na watu wa ng'ambo ya mto. Siku hizi akitoa amri, kijana anaweza kuamua kutii au kutotii. Na kijana huyo ana wateja wanaomngoja. Ng'ombe wanaoporwa hawaishii tena kwenye mahari na kujaza maboma. Wengi hupakiwa kwenye malori usiku na kupelekwa kwenye machinjio ya mijini, na fedha zinapita kwa watu ambao hawajawahi kulala porini.

Silaha hizo zilitoka wapi? Idi Amin alipoanguka Aprili 1979, wanajeshi wake walikimbia kambi ya Moroto na kuiacha ghala wazi. Wakaramoja waliingia wakabeba bunduki kwa maelfu. Ghafla Waturuki na Wapokoti wa upande wetu wakajikuta wanakabiliana na majirani wenye silaha za kivita, na wao wakazitafuta kwa udi na uvumba. Vita vya Sudan Kusini vikaongeza nyingine. Mwaka 1991 serikali mbili zilianguka kwa mfululizo, ya Siad Barre huko Somalia na ya Mengistu huko Ethiopia, na maghala yao yakamwagika mipakani. Bei ikashuka. Bunduki iliyokuwa ikibadilishwa kwa kundi la ng'ombe sasa ingepatikana kwa wachache tu.

Kisha liko tawi moja la habari hii ambalo serikali zetu hazipendi kulitaja. Mwaka 2008 Small Arms Survey ilichapisha uchunguzi kuhusu risasi zilizozagaa Turkana Kaskazini. Watafiti walikusanya risasi na maganda wakasoma alama zilizogongwa kwenye vitako vyake. Waligundua kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya wenyewe, na kwamba zilitengenezwa katika kiwanda cha serikali cha Eldoret. Haukuwa wizi tu wa ghalani. Kwa kuwa serikali haikuwa na askari wa kutosha kuwalinda Waturuki dhidi ya wavamizi kutoka Sudan na Uganda, iliwaachia risasi wajilinde.

Ndiyo maana ya polisi wa akiba. Kikosi hicho kiliundwa 1948, na huko kaskazini kwa miaka mingi kimekuwa wanavijiji wasiolipwa mshahara, waliopewa bunduki aina ya G3 au zile kuukuu za Mark 4 walinde mifugo ya jamaa zao. Mtu asiye na mshahara, mwenye bunduki ya serikali, anayewajibika kwa ukoo wake kabla ya kumwajibikia OCS, mkuu wa kituo cha polisi: huyo ni polisi au ni mpiganaji wa kabila? Mwaka 2019 serikali iliwapokonya wengi wao silaha ikidai baadhi wanashiriki uhalifu. Mashambulizi yaliendelea, viongozi wa kaunti wakalia, na hatimaye polisi wa akiba wakarudishwa. Kwa zaidi ya miaka 70 tumekuwa tukiwagawia raia kazi ya dola, kisha tukishangaa wanapoitumia kwa maslahi yao.

Mkono mwingine wa serikali umekuwa wa kupokonya, na historia ya mkono huo ni chungu. Mwaka 1918 jeshi la Waingereza liliendesha msako uitwao Labur Patrol dhidi ya Waturuki, likawanyang'anya silaha na mifugo kwa maelfu. Majirani zao waliokuwa upande wa Ethiopia walibaki na silaha zao. Miaka iliyofuata walikuja kuwavamia watu ambao sasa walikuwa mikono mitupu.

Februari 1984 ilikuwa zamu ya Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka mabomani na kupelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla ili wasalimishe bunduki. Waliwekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, wakavuliwa nguo, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakiri 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliona kwamba idadi hiyo ilikuwa kubwa zaidi, na manusura wanataja maelfu. Hakuna aliyehukumiwa. Mtoto aliyempoteza baba yake Wagalla amekulia na somo moja tu kuhusu serikali inayokuja kuomba bunduki.

Zikafuata operesheni nyingine zenye majina mazuri. Dumisha Amani ilianza 2005 na kurudiwa 2010. Uganda ilifanya yake Karamoja mwaka 2001 na 2002, ikakusanya bunduki zipatazo 10,000, kisha jeshi likahamishwa kwenda kupigana na waasi wa Joseph Kony. Waliosalimisha silaha kwa hiari wakabaki wakivamiwa na wale waliokataa. Uganda ilianza upya 2006 kwa ukali uliolalamikiwa na watetezi wa haki za binadamu, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli: vijiji vilizingirwa, watu waliteswa. Lakini safari hii jeshi halikuondoka, na Karamoja ikapata utulivu wa karibu mwongo mmoja kabla ya uvamizi kurejea mwaka 2019. Siusifu ule ukatili. Ninalotaka tulione ni kwamba utulivu ulikuja pale ambapo aliyesalimisha bunduki alipata mtu mwingine wa kumlinda usiku.

Kwetu tumependa zaidi moto. Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa Ngong mbele ya kamera. Juni 2021 zikachomwa nyingine 5,144. Ni vyema ziteketezwe, na wanaozikusanya wanafanya kazi ya hatari. Walichokutana nacho polisi kule Suguta Novemba 2012, walipouawa zaidi ya 40 wakifuata mifugo iliyoibwa Baragoi, kinatosha kumnyamazisha yeyote anayedhani kupokonya silaha ni kazi ya kukaa ofisini. Lakini bunduki 10,000 zilizoyeyushwa kwa miaka mitano, kando ya 750,000, hazijawafikia wanaozitumia kuua.

Ninaporudia historia hii, huwa namalizia Wajir ile ile ya Wagalla. Mapema miaka ya 1990 mji ule uligawanyika kwa koo. Somalia ilikuwa imesambaratika, ukame ulikuwa mkali, na bunduki zilikuwa kila mahali. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi alisimulia jinsi usiku mmoja alivyojificha na binti yake mchanga chini ya kitanda risasi zikirindima nje, na asubuhi yake mama yake akamwambia kwamba hata yeye aliwahi kumficha Dekha vivyo hivyo alipokuwa mtoto. Vizazi viwili, kitanda kimoja.

Wanawake wa Wajir walianzia sokoni. Mwaka 1993 Dekha na wenzake wachache, kutoka koo zilizokuwa zikiuana, walikubaliana kwamba mwanamke yeyote ataruhusiwa kuuza na kununua maziwa bila kuulizwa ukoo wake. Wakaweka wanawake wa kuangalia soko kila siku na kuripoti kila tukio. Soko liliposhika, wakawaendea wazee, na wazee wakawaendea vijana wenye bunduki. Septemba mwaka huo makubaliano ya Al-Fatah yalitiwa saini: namna ya kurudisha mifugo iliyoibwa, namna ya kulipa fidia, nani atatatua mzozo ukizuka. Serikali ya wilaya ilikubali kuketi nao meza moja na kuwapa nafasi, jambo ambalo halikuwa la kawaida enzi zile. Baadaye, mwaka 2001, mkataba wa Modogashe uliohusisha wilaya kadhaa za kaskazini mashariki uliweka fidia ya ngamia au ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Unaweza kuikasirikia tofauti hiyo ya idadi, nami inanikasirisha. Bado ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kifo kuwa na gharama kwa ukoo wa muuaji.

Mwaka 2007 Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Alifariki 2011. Mji ambao jeshi lilishindwa kuunyang'anya bunduki kwa Wagalla ulipunguziwa bunduki na wauza maziwa.

Najua pingamizi litakalokuja. Watasema Wajir ilikuwa na dini moja na lugha moja, na kwamba Bonde la Kerio na Suguta ni mpaka wa makabila yenye uhasama, wanasiasa wanaoupalilia na mashamba yenye mgogoro wa mipaka. Ni kweli. Mapatano peke yake hayatazuia lori la ng'ombe walioibwa kufika machinjioni usiku. Hapo ndipo polisi wanahitajika, na hapo ndipo wamekuwa wakikosekana. Kumkamata mwenye lori, dalali na mfadhili hakuhitaji helikopta porini. Kunahitaji vizuizi barabarani, hati za kusafirishia mifugo na mwendesha mashtaka asiyenunulika.

Badala yake, Februari 2023 serikali ilitangaza kaunti sita za Bonde la Ufa kuwa na maeneo hatari, Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu, ikapeleka jeshi na kuwapa wakazi siku tatu wasalimishe silaha. Mei mwaka huo Rais Museveni naye aliwapa wafugaji Waturuki walioko Uganda miezi sita. Nchi mbili, watu wale wale, amri mbili zisizooana kwa tarehe. Mturuki aliyesalimisha bunduki yake upande mmoja alikuwa na sababu zote za kuogopa jirani ambaye zamu yake haijafika.

Kuhusu bastola za Nairobi, msimamo wangu ni mkali zaidi. Mjini ipo dola. Ina upungufu, inachelewa, lakini ipo, na mwenye fedha za kununua bastola ana sauti ya kuidai iwe bora. Bastola iliyonunuliwa kumzuia jambazi ambaye huenda asije kamwe hulala nyumba moja na hasira, pombe, wivu na mtoto mdadisi. Leseni iwe adimu, ihuishwe kila mwaka kwa uchunguzi wa kweli, na mtu akiichomoa baa aipoteze siku hiyo hiyo hata kama ni mheshimiwa.

Kwa mfugaji, mpangilio unapaswa kugeuzwa. Ulinzi utangulie, kusalimisha kufuate. Polisi wa akiba wawe na mshahara, wawe na kamanda asiyetoka kwenye ukoo wao, na kila bunduki na kila risasi waliyopewa isomwe kwa namba mwisho wa mwezi. Kiwanda cha Eldoret kigonge kwenye risasi alama inayoonyesha zilipelekwa kikosi gani na kaunti gani, ili ganda likiokotwa kando ya maiti tujue lilitoka ghala la nani. Na kabla operesheni nyingine haijatangazwa, wakazi wa Tot na Kapedo waambiwe kituo cha polisi kitajengwa wapi, kitakuwa na askari wangapi na magari mangapi yenye mafuta, na upande wa pili wa mpaka utaanza lini.